Maabara ya pamoja katika taasisi ya utafiti wa tiba: nani alipe, nani atangulie, na makarani wakae wapi?

Meneja wa Maabara, Nairobi (mwanzilishi wa mada)

Wanajukwaa, salamu. Nasimamia maabara katika taasisi ya utafiti wa tiba hapa Nairobi, na naomba ushauri wa wenzangu waliokwisha kupitia jambo ambalo sisi ndio kwanza tunaliingia.

Taasisi yetu imekua kwa namna ambayo nadhani nyingi za humu nchini zimekua, yaani ruzuku moja baada ya nyingine. Kila mtafiti mkuu aliyepata fedha alinunua mashine zake, akaajiri mwanateknolojia wake, na mara nyingi akaajiri pia karani wake wa kushughulikia ununuzi, usafiri na marupurupu ya wahudumu wa nyanjani. Matokeo yake ni kwamba leo, kwenye ghorofa moja, kuna mashine za PCR, yaani za kukuza vinasaba ili vipimike, zinazoshinda zimefunikwa huku kundi la chumba cha pili likihangaika kutafuta mahali pa kupimia. Kuna majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri yaliyopangwa hadi kwenye korido kwa sababu kila mradi unataka lake. Na kuna makarani wanaoagiza glavu zilezile kutoka kwa msambazaji yuleyule kwa bei tofauti.

Bodi imeamua kwamba kuanzia mwaka ujao wa fedha huduma ziwe za pamoja: mapokezi ya sampuli, uhifadhi, utakasaji wa vifaa, mashine kubwa, na vilevile ofisi moja ya utawala itakayohudumia miradi yote. Mimi nimekabidhiwa kazi ya kuandika mpango. Wazo lenyewe silipingi, maana nimeona gharama ya kutokuwa nalo. Shehena ya vimeng'enya iliwasili katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta siku ya Ijumaa ikiwa imefungwa kwenye barafu kavu. Karani wa mradi husika alikuwa likizoni, kibali cha kuingiza bidhaa kilikuwa kwenye barua pepe yake, na makarani wa miradi mingine, ambao wanakaa vyumba vya jirani, hawakuwa na ruhusa ya kugusa faili hiyo. Sanduku lilitufikia katikati ya wiki iliyofuata. Aliyelipokea alifurahi kuona ndani ni pakavu kabisa, hakuna hata tone la maji. Ilibidi mwanateknolojia wa siku nyingi amweleze kwamba barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, kwamba hugeuka gesi moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, na kwamba sanduku kavu lisilo na barafu ndani yake ni msiba.

Ninachotaka kujua ni hiki. Ada ya kutumia mashine ya pamoja inapangwaje bila wafadhili kuikataa na bila maabara kula hasara? Pili, watafiti wakuu wawili wakihitaji mashine moja siku moja, nani aamue, na kwa kigezo gani? Na la mwisho, ambalo ndilo linalozua maneno mengi zaidi kwenye mikutano yetu: je, makarani waondolewe kwenye miradi na kuwekwa ofisi moja, au wabaki walipo?

Mhasibu wa Ruzuku

Bi. Meneja, nitajibu la ada kwa kirefu kwa sababu ndilo ninalolijua, na kwa sababu nimeona maabara za pamoja zikianzishwa kwa shangwe na kufa kimyakimya kwa sababu ya hesabu tu.

Kosa linalorudiwa ni kupanga ada kwa bei ya vitendanishi peke yake. Mtafiti hulipia kifurushi cha vitendanishi vya kupimia na pipeti, basi. Mshahara wa anayeendesha mashine, mkataba wa matengenezo, umeme na urekebishaji wa vipimo huachiwa "taasisi", na taasisi haina mfuko wa aina hiyo. Gharama zote hizo sharti ziingie kwenye hesabu, kisha zigawanywe kwa saa ambazo mashine itatumika kweli, wala si saa ambazo ingeweza kutumika. Chukua tarakimu za mfano tu: mkataba wa matengenezo shilingi 600,000 kwa mwaka, sehemu ya mshahara wa mwanateknolojia 900,000, umeme na mengineyo 300,000. Jumla ni 1,800,000. Ukijidanganya kwamba mashine itafanya kazi saa 1,200 kwa mwaka, ada ni shilingi 1,500 kwa saa. Ikifanya kazi saa 600, ambazo ndizo kitabu cha zamu kingekuonyesha ungekifungua, gharama halisi ni 3,000, na kila saa unayouza inakutia hasara ya nusu nzima. Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi moja ya mpango, kusanya vitabu vya matumizi vya mwaka uliopita kutoka kwa kila mradi. Vingine vitakuwa havijajazwa, na hilo nalo litakuambia jambo.

Kuhusu wafadhili, wengi hawakatai ada. Wanakataa ada isiyo na maelezo. Kwa fedha za serikali ya Marekani kanuni iko wazi: ada ya huduma maalumu ya maabara itozwe kwa matumizi halisi, kwa orodha ya ada iliyoandikwa, isiyobagua kati ya miradi inayofadhiliwa na serikali hiyo na watumiaji wengine, wakiwemo wa ndani ya taasisi yenyewe, na irekebishwe angalau kila baada ya miaka miwili ili ziada au upungufu wa kipindi kilichopita uzingatiwe. Maana yake ni kwamba huwezi kumtoza mwenye ruzuku kubwa bei ya juu ili umsaidie mwanafunzi. Ukitaka kumsaidia mwanafunzi, na ni jambo jema, taasisi itoe fedha kutoka mfuko mwingine na kumlipia ile tofauti, nayo ionekane kwenye vitabu. Vilevile, mashine iliyonunuliwa kwa fedha za serikali hiyo huwezi kuiwekea gharama ya uchakavu ndani ya ada, kwa kuwa ungekuwa unamtoza mfadhili kitu alichokwisha kulipia.

Jihadhari pia na kutoza mara mbili. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimezilipa taasisi za nje ya nchi hiyo asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja, bila kuhesabu vifaa, kama mchango wa gharama za utawala. Iwapo mshahara wa karani wa mapokezi ya sampuli umelipwa kutoka kwenye asilimia hizo, usiutie tena ndani ya ada. Mkaguzi akikuta jina moja sehemu mbili, hoja itakuwa ya taasisi nzima wala si ya maabara.

Kuna swali dogo ambalo huzua ugomvi mkubwa: ada itozwe kwa sampuli au kwa sahani? Sahani ya PCR ina visima 96, na baadhi huchukuliwa na sampuli za udhibiti, yaani chanya, hasi na zile za kiwango, iwe umepima sampuli kumi au themanini. Ukitoza kwa sampuli, mradi wenye sampuli kumi utaendesha sahani tupu na maabara italipa. Ukitoza kwa sahani, mradi huo utalimbikiza sampuli kwa majuma mengi. Sisi tumeweka siku mbili katika wiki ambapo maabara yenyewe huchanganya sampuli za miradi inayotumia kipimo kilekile kwenye sahani moja na kutoza kwa sampuli. Anayetaka siku yake mwenyewe hulipia sahani nzima. Malalamiko hayakwisha, lakini yalihamia kwenye mambo mengine.

Mtafiti wa Kinga

Naheshimu hesabu za Mhasibu, lakini naomba upande wetu nao usikike kabla hamjatuchukulia mashine zetu.

Neno "pamoja" likifika kwenye benchi maana yake huwa ni foleni. Kundi langu linapokea damu kutoka kliniki, na chembe nyeupe tunazozichunguza zinapaswa kutenganishwa zikiwa hai. Itifaki yetu inataka ndani ya saa 8 tangu damu itolewe. Gari likikwama Barabara ya Mombasa kwa saa mbili, saa hizo zimekwisha kwenda. Damu ikifika saa kumi jioni, siwezi kuambiwa kwamba kabati la usalama wa kibiolojia, lile lenye hewa iliyochujwa, limewekewa nafasi na mtu anayepanda seli ambazo zingeweza kusubiri hadi kesho. Hapo kinachopotea ni mshiriki wa utafiti aliyekubali kuchomwa sindano, na hakuna ada inayoweza kumrudisha.

Kwa hiyo, kuhusu kigezo cha kutangulia, pendekezo langu ni kwamba kisiwe cheo cha mtafiti mkuu wala ukubwa wa ruzuku yake. Kiwe ni muda ambao sampuli inaweza kusubiri bila kuharibika. Damu mbichi na kamasi zisizogandishwa zitangulie. Vinasaba vilivyokwisha kusafishwa na kuwekwa kwenye friza visubiri. Kila mradi uandike muda huo kwenye fomu ya kujisajili, na mwanateknolojia wa zamu awe na mamlaka ya kuufuata hata kama anayepiga simu ni profesa. Hili la mwisho ndilo gumu katika taasisi zetu, na bila barua iliyosainiwa na mkurugenzi halitafanyika.

Na yapo mambo ambayo yasiunganishwe kabisa. Chumba cha kuandalia mchanganyiko wa PCR hakipaswi kuingiwa na mtu aliyetoka kwenye chumba ambako vinasaba vimekwisha kukuzwa, kwa sababu mabaki yake hushika koti na mikono, na kesho yake kila sampuli inasoma chanya. Watu wakiwa wachache na wanajuana, mwendo huo wa upande mmoja unalindwa. Wakiwa wa miradi kumi, wengine wanafunzi waliokuja kwa muhula mmoja, unahitaji mlango wenye kadi, makoti ya rangi tofauti kwa kila chumba, na mtu wa kukemea. Naomba gharama hiyo nayo iingizwe kwenye zile hesabu.

Mhandisi wa Vifaa Tiba

Daktari amegusa la maana. Mimi nitaongeza kutoka upande wa mitambo, na nitaanza na kitu ambacho hakuna mtafiti anayegombania: otoklevu, yaani chombo cha kutakasa vifaa na taka kwa mvuke wenye presha.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Vitabu vingi vya mafunzo vinasema endesha otoklevu kwa presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba, dakika 15, upate nyuzi 121. Hiyo ni kweli Mombasa. Geji ya presha hupima tofauti kati ya ndani na nje, na kwa kuwa hewa yetu ya nje ni nyepesi, geji ikisoma 15 hapa, mvuke ulio ndani uko karibu nyuzi 118. Ili ufike 121 unahitaji karibu pauni 18, mradi chombo chenyewe kiwe kimejengwa kuzihimili. Mashine za kisasa zinazodhibitiwa na kipimajoto hujirekebisha zenyewe, ila zile ndogo za mezani zinazoendeshwa kwa geji hazijui ziko wapi. Katika taasisi ambayo kila mradi una otoklevu yake na mtu wake aliyefundishwa nusu siku, nimekuta taka za kuambukiza zikitolewa kama zilizotakaswa kwa sababu tu utepe wa kiashiria umebadilika rangi. Na utepe huo huthibitisha kwamba mzigo ulipata joto, hauthibitishi kwamba bakteria wamekufa. Kipimo cha kuaminika ni vichupa vya spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria sugu kwa joto, ambavyo huwekwa katikati ya mzigo na kuoteshwa baadaye. Mtu mmoja anayejua haya, mwenye otoklevu mbili kubwa na daftari moja, ni bora kuliko otoklevu nane zilizotawanyika. Ningekuwa wewe, Bi. Meneja, ningeanzia hapa.

Majokofu yafuate. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ya modeli ya zamani inaweza kula karibu yuniti 20 za umeme kwa siku, na joto lote inalolitoa kwenye sampuli hulimwaga kwenye chumba. Ukizipanga kumi kwenye korido isiyo na hewa, zinapashana joto zenyewe kwa zenyewe, kompresa zinafanya kazi bila kupumzika, na ndipo unaposikia kwamba "friza za siku hizi hazidumu." Zihamishie chumba kimoja chenye hewa ya kutosha, kilichounganishwa na jenereta, na king'ora kinachopiga simu kwa mtu wa zamu. Acha friza moja tupu inayowaka muda wote. Wahasibu hawaipendi friza hiyo, na kila mwaka huuliza kwa nini tunalipia umeme wa kugandisha hewa, mpaka siku kompresa ya nyingine inapokufa saa nane za usiku na kuwe na mahali pa kuhamishia masanduku.

Kama mna nitrojeni ya kimiminika, nayo isikae kwenye vyumba vya miradi. Lita moja ikigeuka gesi inajaza karibu lita 700 za hewa na kuisukuma oksijeni nje bila harufu yoyote. Chumba kimoja, kipima oksijeni ukutani na mlangoni, na hakuna anayeingia peke yake.

Mikataba ya matengenezo nitaipitia haraka: mashine tano za kampuni moja chini ya mkataba mmoja hukupa nguvu ya kudai fundi afike kwa muda maalumu, jambo ambalo mashine moja moja haikupi. Makabati ya usalama wa kibiolojia yote yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na ukaguzi ufanywe kwa pamoja, kwa ziara moja ya mkaguzi.

Afisa Ununuzi

Naona wote mmelikwepa swali la makarani, labda kwa sababu ni la watu na si la mashine. Nitalijibu.

Ikiwa taasisi ya Bi. Meneja ni ya umma, inafungwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Sheria hiyo inakataza kugawanya ununuzi ili kukwepa utaratibu unaostahili. Sasa, makarani sita wakiagiza glavu, ncha za pipeti na mirija kwa hati sita ndogo ndani ya robo moja ya mwaka, hakuna aliyekusudia ubaya, lakini kwenye faili inaonekana ni kugawanya, na mwenye kujibu ni afisa mhasibu wa taasisi. Mahitaji yakikusanywa, unaweza kuingia makubaliano ya jumla na wasambazaji, ambayo sheria inaruhusu kwa muda usiozidi miaka mitatu, kisha kila mradi ukawa unaita bidhaa kidogokidogo inavyohitaji bila kuanza zabuni upya. Kwa vitendanishi vinavyoharibika baada ya miezi michache, hiyo ndiyo njia pekee yenye akili, kwa kuwa zabuni ya kawaida ina muda wa kutangazwa, tathmini inayoweza kufika siku 30, na siku 14 za kusubiri kabla ya kusaini mkataba. Hakuna mgonjwa wala virusi anayezisubiri siku hizo.

Kwa vile vifurushi na katriji za kupimia zinazoingia kwenye mashine ya mtengenezaji mmoja tu, ununuzi wa moja kwa moja unaruhusiwa, lakini ni lazima sababu iandikwe. Aandike nani? Karani hajui kwa nini katriji hii haiwezi kubadilishwa na ile. Mwanateknolojia anajua, ila hajui lugha ambayo kamati inaitaka. Hapo ndipo jibu langu lilipo: unganisheni mamlaka na faili, msiunganishe viti. Ofisi iwe moja, mfumo wa kompyuta uwe mmoja, kila kibali kionekane na makarani wote, ili lile sanduku la barafu kavu lisimsubiri aliye likizoni. Lakini karani akae karibu na maabara anayoihudumia, aone friza ikifunguliwa, ajue ni nani anayepima nini. Nimefanya kazi chini ya mpangilio ambapo makarani wote walihamishiwa jengo la utawala. Ndani ya muda mfupi watafiti walikuwa wamewapa wanafunzi wao kazi ya kufuatilia hati, yaani walikuwa wameajiri makarani upya, safari hii bila mshahara na bila mafunzo.

Jambo la kuzingatia: karani aliyelipwa na ruzuku fulani hawezi kuhamishwa tu aanze kuhudumia miradi yote. Mhasibu atakubaliana nami kwamba muda wake lazima ugawanywe kwenye karatasi za saa za kazi.

Mhasibu wa Ruzuku

Nakubaliana. Na karatasi hizo zijazwe na yeye mwenyewe kila wiki, zisijazwe na msimamizi mwishoni mwa robo.

Afisa wa Maadili na Data

Neno fupi tu, kwa sababu naona hatari ambayo haijatajwa. Friza ya pamoja haifanyi sampuli kuwa za pamoja. Mshiriki alitoa ridhaa kwa utafiti fulani, uliopitishwa na kamati ya maadili na kupewa leseni na NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na kuhamia kwa sanduku lake kwenye rafu ya jirani hakumpi jirani haki ya kulifungua. Mpango wenu useme wazi nani anaruhusiwa kutoa sanduku gani, na kila utoaji uandikwe.

La pili ni mapokezi. Dawati moja la kupokea sampuli za miradi yote litaona karatasi za watu wengi kuliko dawati lolote lililowahi kuwepo hapo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo sampuli zifike zikiwa na namba na msimbo pau tu, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki kwa mradi, kwenye kabati au kompyuta ambayo dawati halina ufunguo wake. Fomu za damu zenye jina, namba ya simu na neno "VVU" juu yake nimeziona zikiwa zimelazwa kaunta, mbele ya mtu aliyeleta chakula cha mchana.

Meneja wa Maabara, Nairobi (mwanzilishi wa mada)

Nawashukuru nyote. Nimebadilisha mpangilio wa mpango wangu. Nilikuwa nimeanza na mashine kubwa kwa sababu ndizo bodi inazozitaja; sasa zitakuja mwisho. Awamu ya kwanza itakuwa otoklevu, chumba cha friza, dawati la mapokezi na mikataba ya matengenezo. Vyumba vya PCR havitaguswa mpaka milango na makoti ya Daktari yapate bajeti. Kigezo cha muda wa sampuli nimekichukua kama kilivyo, na nitamwomba mkurugenzi asaini barua yake kabla ya huduma kuanza, kwa maana baadaye atakuwa na marafiki wengi mno wa kuwaridhisha. Makarani watabaki karibu na benchi, chini ya ofisi moja.

Limebaki moja, Ndugu Mhasibu. Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, tumebaki na friza zilizojaa sampuli za miradi iliyofungwa ghafla. Ridhaa za washiriki bado zipo na sampuli ni za thamani, lakini hakuna bajeti inayozilipia umeme. Nikianza kutoza ada ya uhifadhi, hizo nimtoze nani?

Mhasibu wa Ruzuku

Hizo huna wa kumtoza, na usijaribu kuzipachika kwenye ada ya wengine, maana miradi iliyo hai itakuwa inalipia iliyokufa na hakuna mfadhili atakayekubali. Ziweke kwenye mfuko wa taasisi kwa jina lake, ili bodi ione kila mwezi gharama ya kuzitunza na iamue kwa macho mawili.

Kabla ya hapo, kaeni na Afisa wa Maadili mpitie masanduku hayo moja baada ya jingine. Yapo ambayo idhini yake ya kuhifadhiwa ilikuwa ya miaka michache na imekwisha; hayo yana utaratibu wa kuteketezwa na cheti chake. Yapo ambayo watafiti wake wamehamia taasisi nyingine humu humu nchini na wangeyachukua leo, kwa makubaliano ya uhamishaji wa sampuli, kama mtu angewapigia simu. Mtashangaa jinsi rafu zitakavyopungua.

Kwa miradi mipya, kila bajeti inayopita mezani kwako iwe na mstari wa uhifadhi wa baada ya mradi, uliohesabiwa kwa sanduku kwa mwaka, na utozwe wakati mradi ungali hai, kwa sababu ukishafungwa hakuna anayepokea ankara. Muulize mfadhili mapema kama anaruhusu kulipia muda unaovuka mwisho wa ruzuku; wapo wanaokataa, na hapo ni bora kujua kabla friza haijajaa. Kama mwaka wenu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, orodha ya ada iwe imepitishwa kabla ya bajeti za miradi kufungwa, la sivyo utaanza mwaka ukiwa na huduma ambazo hakuna mradi uliotenga fedha za kuzilipia.